Madirisha matatu ya jua la jioni: tinti, pazia na neti ya miche

Chumba hiki nilikiona saa tatu asubuhi, na hapo ndipo nilipokosea. Saa tatu kilikuwa kimepoa kama maji ya mtungi, mwanga mweupe umejaa kila kona, madirisha matatu mapana ya aluminiamu kwenye ukuta mmoja. Mimi ni fundi cherehani. Mwanga kwangu ni nusu ya kazi. Nikalipa kodi ya miezi sita palepale. Mchana wa siku ya kwanza, jua lilipogeuka, ndipo nikaelewa kwa nini mwenye nyumba huwaleta wapangaji asubuhi tu.

Kiko Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, na madirisha yote yanatazama magharibi. Saa nane jua linaanza kuchungulia, saa kumi limeshalala juu ya meza ya kukatia, na satini ukiishika utadhani imetoka kwenye pasi sasa hivi. Binti zangu wawili wa kazi walikuwa wanasogeza vyerehani kufuata kivuli, mpaka jioni wote watatu tumebanana kwenye kona ya mlango, migongo ikigusana. Kiyoyozi kipo, kile cha nguvu farasi moja na nusu. Kilikuwa kinanguruma tangu saa saba mpaka magharibi bila kupumua, na uniti za umeme wa LUKU zinashuka ukiziangalia.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyetoa hela yake. Nimehangaika na madirisha hayo mwaka mmoja na miezi miwili, na kila dirisha nililivika nguo yake: la kwanza tinti ya kubandika kwenye kioo, la pili pazia zito, la tatu neti ya kivuli kwa nje. Sikuwa na uwezo wa kukosea mara tatu kwa kitu kilekile.

Kupima, nilitumia ile bastola ya joto iliyobaki tangu enzi za korona. Mara ya kwanza nilipoielekeza kwenye fremu ya dirisha iliandika "Hi" ikagoma, kwa sababu imetengenezwa kwa ajili ya paji la uso la mtu. Kijana wa jirani ndiye aliyenionyesha kitufe cha kuibadilisha ipime vitu. Si chombo cha maabara, lakini ni kilekile kwa madirisha yote matatu, kwa hiyo angalau kinadanganya kwa usawa.

Februari mwaka jana, kabla sijaweka chochote, saa kumi alasiri: nje kivulini nyuzi 33, kioo kwa ndani 41, fremu 46, na kipande cha kitambaa cheusi nilichokitandika mezani 52. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifumbua macho. Kioo chenyewe hakikuwa cha moto sana. Joto lilikuwa linakipita kama mgeni asiyebisha hodi, linakuja kukaa mezani, sakafuni, kwenye mabega ya watu. Kioo cheupe cha kawaida kinapitisha asilimia 80 na zaidi ya nguvu ya jua inayokipiga. Ikishanywewa na meza na nguo, inatoka tena kama joto la pasi iliyozimwa sasa hivi, na joto la namna hiyo kioo hakilirudishi nje kirahisi. Wakulima wa nyanya wanajenga kitalu nyumba kwa hela nyingi wapate hali hiyo. Mimi nilikuwa nimeipangisha.

Nilianza na tinti kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa kelele kuliko vyote. Duka liko Kariakoo, jina naliacha. Muuzaji ana kisanduku chenye taa nyekundu, ile ya kutunzia vifaranga. Unaweka kiganja mbele ya taa, kinaungua. Anateremsha kipande cha kioo chenye tinti katikati, joto linakatika kabisa. "Umeona, dada? Inakata asilimia 99." Niliona, nikatoa hela.

Nilichokuja kukijua baadaye ni kwamba taa ile inatoa joto zaidi kuliko mwanga. Jua haliko hivyo. Karibu nusu ya nguvu yake inakuja kama mwanga huu tunaouona, na mwanga nao ukipiga kitambaa cheusi unageuka joto vilevile. Tinti inaweza kuzuia sehemu kubwa ya ile nusu isiyoonekana, taa ya vifaranga ikashindwa kabisa, na bado nusu ya pili ikaingia kwako kwa raha zake. Na ile 99 kwenye karatasi ya kiwandani ilikuwa ya miale ya urujuanimno, ile inayopausha vitambaa. Kuzuia kupauka ni jambo jema kwa mtu mwenye majora ya kitenge dirishani, lakini siyo nililolilipia. Mstari wa kuuliza ni ule wa jumla ya nguvu ya jua inayozuiwa. Kwa tinti yangu ulisema 52. Karatasi hiyo muuzaji alikuwa nayo siku zote, chini ya kaunta. Niliiona siku niliyorudi kulalamika.

Bei ilikuwa 30,000 kwa mita ya mraba pamoja na kubandika. Dirisha langu lina mita 1.5 kwa 1.2, ikaja 54,000. Fundi waliyenitumia alifika siku ya upepo, akafungua dirisha la pili apate hewa, akaanza kazi. Vumbi la barabarani likaingia katikati ya tinti na kioo kama limealikwa. Viputo navyo vikajaa. "Vitaondoka vyenyewe, dada, hayo ni maji tu." Nusu ya maneno yake ilikuwa kweli: ndani ya mwezi viputo vya maji vilikauka. Vumbi lilibaki, nikawa nalijua punje kwa punje.

Wiki ya tatu nikakuta kioo kina ufa. Fundi akaja, akautazama, akatikisa kichwa. "Watoto hawa na mpira wao."

Ghorofa ya pili, kaka.

Mzee mmoja wa Manzese, fundi wa vioo wa siku nyingi, ndiye aliyenieleza. Aliutazama ufa mara moja tu akasema hilo ni joto, jiwe haliachi alama ya namna hiyo. Ulikuwa umeanzia ukingoni, ukanyooka kuingia ndani sentimita chache, ndipo ukaanza kupinda. Tinti nyeusi inakunywa jua, kioo katikati kinachemka, lakini ukingo uliojificha ndani ya fremu na sehemu zinazopata kivuli cha grili zinabaki na baridi yake. Katikati panataka kutanuka, ukingo unakataa. Kama kioo kilikatwa na mkono mzito na ukingo una meno, kinaachia hapohapo. Akasema ndiyo maana yeye kabla ya kubandika tinti nyeusi hupitisha kidole ukingoni kwanza, na kioo chenye pengo hakigusi. Duka lilinirudishia 27,000 baada ya safari tatu za daladala. Kioo kipya nikalipa mwenyewe.

Mara ya pili mzee mwenyewe alikuja na kijana wake, na hapo nikaona kazi. Walifunga madirisha yote wakazima feni. Wakanyunyiza maji hewani na sakafuni vumbi litulie. Kioo wakakiosha kwa maji ya sabuni, wakakikwangua kwa wembe, wakakiosha tena, na kila pembe wakaifuta kwa kitambaa kisichotoa nyuzi (mimi ndiye niliyewapa, vipande vya bitana). Tinti waliipaka maji ya sabuni pande zote, wakaitelezesha mpaka ikakaa, wakasukuma maji kutoka katikati kwenda nje, wakaacha nafasi ndogo kama unene wa sarafu pembeni ili isigusane na raba. Wakanikataza kusugua kioo kwa mwezi mzima. Safari hii niliacha nyeusi nikachukua ile inayong'aa kwa nje, inayolirudisha jua badala ya kulinywa. Kwa kazi ya namna ile ningelipa mara mbili bila kunung'unika.

Na ilifanya kazi, nisiwe mchoyo wa kusema. Tatizo ni kwamba mimi nashona.

Mei nilikuwa na gauni la sendofu, rangi ya pembe za ndovu. Mkanda wa kiunoni ulikuwa ukatwe kwenye kitambaa hichohicho, lakini kilikuwa kimeisha, nikatoa kipande kingine kabatini. Nikavipeleka vyote viwili dirishani, dirisha la tinti, nikavilaza pamoja. Vilikuwa kitu kimoja. Binti yangu wa kazi akaangalia, akasema dada ni kimoja. Nikakata, nikashona, nikapiga pasi. Mteja alifika Ijumaa, gauni likamkaa kama lilizaliwa naye, akatoka kwenda ngazini kupigwa picha kwenye jua. Akarudi ameshika kiuno. "Fundi, hiki ni nini?" Nje mkanda ulikuwa mweupe pe, unang'aa kama bandeji. Tinti yangu ina ubluu kidogo ndani yake, ubluu ambao jicho linauzoea baada ya dakika tano na halikwambii tena. Niliufumua mkanda usiku huohuo, na tangu siku hiyo kila uzi nauchagua kwenye veranda.

Kuna la pili ambalo hakuna muuzaji aliyeniambia. Mchana tinti ya kung'aa inakuficha: wa nje anajiona yeye tu. Usiku ukiwasha taa mambo yanapinduka, wewe unajiona mwenyewe na barabara nzima inakuona wewe. Hapa watu wanapimwa nguo. Kwa hiyo dirisha la tinti bado lilihitaji pazia.

Kwa chumba cha kulala au ofisi ya mtu wa kompyuta, tinti ya kung'aa iliyobandikwa na mtu mwenye subira ningeipendekeza. Kwa fundi nguo, muuza rangi au mpaka vipodozi, hapana.

Pazia halina hadithi ndefu. Nilinunua kitambaa kizito mita tatu kwa 12,000 kila mita, nikakiwekea bitana nyeupe upande wa kioo, nikashona mwenyewe. Jua halikufika tena mezani, hiyo ni kweli. Ila kati ya pazia na kioo bastola ilisoma 49, na uso wa pazia wenyewe ulikuwa 42, kwa hiyo ukikaa karibu nalo ni kama umekaa karibu na jiko lenye mfuniko. Jua umeshalikaribisha ndani, unachofanya ni kulinyima kiti. Na giza linakufanya uwashe taa saa tisa mchana. Linapendeza sana, wateja wanalisifu.

Neti ilikuja kwa bahati. Nilisimama kwenye bustani moja ya miche kando ya barabara kununua mche wa mlimau, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, nikashangaa yule kijana wa miche amelala juu ya magunia usingizi mzuri. Juu yake kulikuwa na neti tu. Unaingia chini yake unahisi kama mtu amezima kitu. Nikamwuliza anainunua wapi.

Neti hizo zinauzwa kwa mita na kwa asilimia ya kivuli, na zina rangi. Nilichukua ya asilimia 80, nyeusi. Kijani ndiyo wanayoipenda watu kwa sababu inapendeza, lakini mkanda wa sendofu ulikuwa umeshanifundisha: mwanga ukipita kwenye kijani unatoka na ukijani. Nyeusi inapunguza mwanga bila kuupaka rangi.

Fundi wa kuchomelea alinitengenezea fremu ya skwea paipu, yenye bawaba juu, inayosukumwa kwa nje na kuegemezwa kwa fimbo. Nilimwambia isikae karibu na ukuta, iache shubiri moja na zaidi. Akaniuliza, "Mama, sasa itashikiliwa na nini?" Tukabishana, akaongeza mikono miwili ya chuma. Nafasi hiyo ndiyo siri yote. Neti nyeusi inakunywa jua na kupata moto kama tinti ilivyopata, lakini iko nje, upepo unapita nyuma yake na kulichukua joto kabla halijakifikia kioo. Ukiigandisha kwenye dirisha unakuwa umetengeneza pazia lingine.

Kuishona nilishona mwenyewe, na hapa naomba nijisifu kidogo. Neti ukiikunja na kuitoboa inachanika kwa mvumo wa kwanza wa upepo. Niliizungushia utepe wa turubai pande zote nne, nikatumia sindano namba 18 na uzi wa poliesta, mishono mirefu, mistari miwili. Uzi wa pamba juani hauna maisha. Pembeni nikapiga vitundu vya chuma, nikaifunga kwenye fremu kwa kamba ili niweze kuifungua kuifua.

Vipimo vya mwisho nilivichukua siku moja, alasiri ya Novemba yenye jua kali, madirisha yote matatu yakiwa yameshavaa na kiyoyozi kimezimwa. Nje kivulini 32. Kitambaa cheusi mbele ya dirisha la tinti kilikuwa 43, na kioo chake 45, yaani cha moto kuliko nilivyokipima kikiwa kitupu. Mbele ya dirisha la neti kitambaa kilikuwa 36, kioo 35, fremu ya aluminiamu 36. Niliweka shavu kwenye kioo. Saa kumi, upande wa magharibi, nimeweka shavu kwenye kioo.

Desemba nikatengeneza nyingine mbili.

Mwenye nyumba alikuwa amejitolea kurefusha bati la paa badala yake, nikamwomba asipoteze hela. Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua la mchana liko juu ya utosi au karibu yake mwaka mzima, na dirisha la kaskazini au la kusini linatoshwa na bati lililochomoza juu yake. La magharibi linapata jua lililoinama. Saa kumi na moja linakutazama machoni, linapita chini ya bati lolote. Hapo kinachotakiwa ni kitu kilichosimama mbele ya dirisha. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe kule Unguja zililijua hili: ukuta mnene wa mawe na chokaa, dirisha jembamba, na nje yake mbao zilizopangwa mshazari. Upepo unaingia, jua linabaki barabarani. Hata nyumba niliyokulia Magomeni, nyumba ya watu wa kawaida tu, ilikuwa na luva. Ukizifungua, dirisha zima liko wazi. Haya ya kusukuma tuliyoyapenda sote, hata ukilifungua mpaka mwisho nusu imezibwa na nusu yake.

Kuna kijana wa aluminiamu alipita akaniambia nateseka bure, dawa ni vioo viwili vyenye hewa katikati kama Ulaya. Akataja 650,000 kwa dirisha. Nikampigia mdogo wangu aliye Columbus, Ohio, maana alikuwa amehamia nyumba mpya, akanitumia picha ya stika iliyokuwa bado kwenye kioo chake. Ina namba mbili kubwa. Ya kwanza inaonyesha joto linavyovuja kwenye dirisha kwa sababu upande mmoja ni wa moto kuliko mwingine. Ya pili inaonyesha ni sehemu gani ya jua inaingia. Zote mbili zikiwa ndogo ni afadhali kwa mtu wa joto. Kijana wangu wa aluminiamu alikuwa anauza ya kwanza tu. Nilikaa na mwanangu wa kidato cha nne tukapiga hesabu: ndani nikitaka 26 na nje ni 33, joto linalovuja kwenye kioo kimoja cha dirisha langu halifiki wati 100. Jua lenyewe, saa kumi, linaingiza karibu wati 800 kupitia dirisha hilohilo. Pasi yangu ndogo ni ya wati 1,000. Kwa maneno mengine, kwa madirisha matatu nilikuwa nimewasha karibu pasi mbili na nusu kila alasiri na kumwita kiyoyozi aje azipoze. Vioo viwili vyeupe bado vinapitisha kiasi cha asilimia 70 ya jua. Kwa mdogo wangu, ambaye Januari nje ni barafu na ndani ni 21, vina maana yake. Vina maana pia kwa aliye kando ya barabara kuu akitaka kelele zipungue. Kwangu vingekuwa pazia la 650,000.

Uvujaji niliokuwa nao mimi ulikuwa mwingine, na uligharimu 9,000. Jioni moja nilichoma udi, nikaona moshi haupandi. Unakwenda pembeni kuelekea dirishani na kunyonywa kwenye upenyo ambapo vioo viwili vinapishana. Nikaizungusha chetezo kwenye fremu yote, polepole, na kila moshi ulipovutwa nikaweka alama ya chaki. Yale manyoya membamba yanayoziba upenyo kwenye dirisha la kusukuma yalikuwa yameliwa yote. Kubadilisha ni kuvuta ya zamani na kuingiza mapya, kazi ya nusu saa kwa dirisha, ukishamweleza muuzaji upana wa mfereji. Mwenye kiyoyozi aanzie hapa kabla hajanunua chochote nilichokitaja.

Neti nayo ina mabaya yake. Kunguru wa mjini waliiona wakadhani wametengenezewa wao. Wanatua juu ya fremu alfajiri, wanachomoa nyuzi za neti moja moja kwa ajili ya viota vyao, kwa ustadi ambao ningemwajiri mmoja wao kufumua. Nimeziba pembe wanazozipenda kwa turubai. Usiku wa upepo fremu inagonga usipoifunga vizuri, na mvua za vuli zilinichania ya kati kwenye pembe moja. Vumbi linakaa, nisipoifua kila mwezi chumba kinakuwa cha kijivu. Asubuhi lazima niinue zote tatu, la sivyo naikosa ile saa tatu nzuri iliyonifanya nilipe kodi. Na kwa mtu wa ghorofa, omba ruhusa kabla. Mwenye nyumba wangu alilalamika kwamba jengo limekuwa kama banda la kuku, akanyamaza alipoona mpangaji wa chini naye anataka.

Hela: fremu 45,000 kila moja, tatu ni 135,000, neti mita sita kwa 4,000, jumla 159,000 ukiacha jasho langu. Februari mwaka jana nilikuwa namaliza uniti 6 kwa siku ya kazi kwenye kiyoyozi. Februari mwaka huu, neti tatu na manyoya mapya, ni 3.7. Uniti kwangu ni takriban shilingi 356 pamoja na kodi, kwa hiyo kwa siku 26 za kazi napata nafuu ya kama 21,000 kwa mwezi wa joto. Miezi saba na nusu ya namna hiyo gharama inakuwa imerudi. Kiyoyozi siku hizi kinazima chenyewe na kuwaka, kitu ambacho sikujua kinaweza. Na vyerehani vitatu viko dirishani, mahali pake.

Limebaki moja. Tinti bado iko kwenye dirisha la kwanza, nyuma ya neti, na bado inanichezea rangi. Nimejaribu kuikwangua kwa wembe, inatoka vipande vya ukubwa wa kucha na gundi inabaki. Mzee wa Manzese anasema niipake maji ya sabuni, niibandike plastiki nyeusi juu yake, kisha niiache jua la saa kumi liipige mpaka gundi ilainike, ndipo nianze kuivuta kutoka pembeni. Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya miezi kumi na minne, inabidi niinue neti nilikaribishe.